Siku Mtani Aliposema Pole

Mtu wa kwanza kusema kwamba mume wangu atakufa alikuwa mtani wetu, na alisema hivyo huku akimenya muwa kwa meno kwenye baraza niliyotoka kuifagia.

"Mngoni," alimwambia, "mbona shingo imekuwa ya kuku mwenye kideri? Sasa nisikilize. Usife Jumamosi, Jumamosi namwagilia nyanya. Jikaze mpaka Jumatatu."

Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Akamjibu kwamba hawezi kufa kabla hajajua mbwa wa jirani alikwenda wapi, maana tangu mbwa yule apotee Mhehe anazidi kunawiri. Mimi nilichukua ufagio nikaanza kufagia upya yale maganda ya muwa, kwa nguvu, ili wajue nimewasikia.

Babu wa mume wangu alitoka Songea kuja kukata mkonge huku Kilosa, na babu wa mtani akatoka Iringa kuja kukata mkonge uleule. Inasemekana walianza kutaniana siku ya kwanza kambini, na hawakuacha mpaka walipozikana. Mashamba ya mkonge yakafa, wajukuu wakabaki hapa na utani wao. Mtani wako huingia jikoni bila hodi akafunua sufuria. Msiba ukitokea, ndiye anayerukia kaburini kuzuia watu wasizike mpaka apewe chake, na ndiye anayevaa nguo za marehemu akatembea mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, mpaka wacheke huku wanalia. Kumkasirikia hairuhusiwi. Mimi ni Mvidunda, nimezaliwa milimani, na kwetu nako watani wapo, lakini wale ni wa kwetu. Huyu niliolewa nikamkuta, na kusema kweli miaka yote nilimvumilia tu.

Isitoshe mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kazi yangu ni kunyamazisha watu, na naiweza.

Ugonjwa ulianza na mashuka. Mume wangu alikuwa akilala mkavu na kuamka ameloa, godoro limeloa, mto umeloa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifua shuka nikaanika nyuma ya nyumba, siyo mbele, kwa sababu majirani zangu wanajua kuhesabu. Kisha ukaja mkanda wa suruali. Alitoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, baada ya mwezi akatoboa jingine, na lile la tatu alilitoboa nikiwa shuleni ili nisione. Nililiona. Nafua suruali zake, nisilione kwa nini?

Tukaanza kupima. Malaria, hakuna. Taifodi, wakasema ipo kidogo, tukameza dawa, jasho likaendelea. Kifua kikuu, hakuna. Tukapima na ule ugonjwa ambao kila anayekonda hapa mjini huambiwa anao, tukakaa wawili kwenye benchi kama wachumba wanaosubiri mchungaji, nao hakuna. Kila tulipoambiwa hakuna tulimshukuru Mungu, na kila tuliporudi nyumbani nilizidi kuogopa. Mtu hawezi kuyeyuka kwa hakuna.

Wakaja wenye ushauri. Mmoja alijua mtaalamu wa miti shamba huko Msowero ambaye hashindwi. Mwingine wa kanisani akasisitiza nimpeleke Berega, hospitali ya misheni, shangazi yake alipona huko, ingawa nilipomuuliza shangazi aliumwa nini akasema mguu. Niliwajibu vibaya baadhi yao. Nikiogopa huwa mkali, na miezi ile nilikuwa mkali kwa watu wazima, kwa wanafunzi, na kwa kuku.

Hatimaye tulikwenda hospitali ya Mikumi. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, alitupa shikamoo wote wawili kabla hajagusa karatasi. Alimlaza mume wangu, akambonyeza tumbo, akampitisha kwenye ile mashine ya kutazama ndani, kisha akamwinua mkono akashika kwapani kwa muda mrefu.

"Kuna uvimbe kwenye tezi, mzee," akasema. "Hapa kwapani, na mwingine uko tumboni."

"Uvimbe wa nini?" nikauliza.

"Unaweza kuwa wa vitu vingi, mama."

"Kama vitu gani?"

"Vingi."

Nimefundisha miaka mingi kiasi cha kumjua mtoto asiyejua jibu na kumjua anayelijua ila hataki kulisema. Nikamkazia macho. Ndipo akasema, taratibu, akimtazama mume wangu na siyo mimi, kwamba hawezi kusema siyo saratani mpaka kikatwe kinyama kipelekwe kupimwa Dar es Salaam. Wakakikata hapo hapo mchana ule. Majibu yangechukua wiki tatu, pengine nne, na wangetupigia simu.

Tulirudi Kilosa kesho yake. Njia nzima mume wangu aliangalia nje ya dirisha, bandeji kwapani, mkono ameuweka mapajani. Tulipopita kijiji cha Ulaya akasema, "Mahindi ya huku yamepata mvua." Nikasema, "Yamepata." Hayo ndiyo tuliyozungumza kuhusu saratani.

Nyumbani neno lile halikutamkwa. Wakubwa wetu walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, nami niliamini tukikaa kimya huenda likapita nje ya ua wetu bila kujua kuna watu ndani. Nilibeba simu darasani, mfukoni mwa sketi, mimi ambaye nilishawanyang'anya walimu wenzangu simu vikaoni. Namba nisiyoijua ikilia nilitoka nje ya darasa kuipokea. Mara moja alikuwa mtu anayetaka kujua kama bado nauza kiwanja. Sijawahi kuwa na kiwanja cha kuuza, na nilimtukana.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilianza kuomboleza. Nilikuwa nasahihisha madaftari barazani, nikiinua macho najikuta natazama uwanja wetu na kufikiria turubai litakaa upande gani, wanawake wataketi wapi, sufuria kubwa nitaazima kwa nani. Nilikuwa napanga msiba wa mtu ambaye anakohoa chumbani na kuniuliza kama nimeona miwani yake. Nilijionea aibu, nikajikaripia, na kesho yake nikapanga tena.

Na nilikuwa namsikia anatembea. Ili hili lieleweke lazima niseme juu ya mwendo wake. Alifanya kazi ya reli, ya kukagua njia, na kwa miaka mingi alitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, kutwa nzima. Mataruma yamepangwa, hayajali mguu wako ni mrefu au mfupi, wewe ndiye unayeyafuata. Hatua yake ikawa hatua ya taruma, fupi na sawasawa, hata akiwa sokoni, hata akienda kupokea komunyo. Ilipojengwa reli mpya ya umeme alikwenda kuitazama mara moja, akarudi akasema mataruma yake ni ya zege na hakuna binadamu atakayetembea juu yake. Ule mwendo ningeutambua nikiwa nimefumba macho. Sasa wiki zile za kusubiri, nikiwa jikoni mchana, nilikuwa nausikia uwanjani, tap, tap, tap, nikichungulia hakuna mtu, na nikienda chumbani namkuta amelala ubavu, miguu ameikunja.

Basi katikati ya kusubiri huko mtani akaja na mchicha, akaketi chini karibu na kitanda kama kawaida yake, na akalitaja lile neno kwa sauti ya mnadani.

"Nasikia wamekukata kinyama wamepeleka Dar. Wanatafuta kansa? Kansa ije ifanye nini kwako, Mngoni, itafune mifupa? Ingekuwa na akili ingekuja kwangu niliyeshiba. Wewe hata fisi akikukuta njiani atakuchangia unga."

Mume wangu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Uji ukanimwagikia kwenye kanga, nami nikaona sasa imetosha.

Nilimfuata mpaka kwenye bustani yake kando ya Mto Mkondoa. Nilimkuta anafunga nyanya kwenye miti. Sikumsalimia.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "sitaki utani kwa mume wangu. Mtu anaumwa. Njoo umwone kama watu wengine wanavyokuja, mpe pole, ukae kwa heshima, uondoke."

Alisimama akanitazama, uzi wa katani mkononi.

"Shemeji, mtani hafungwi mdomo. Ukimfunga kuna kitu unakiita."

"Sijaita kitu. Naomba heshima. Nimekufundishia watoto wawili, sijawahi kukuomba chochote."

Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani, ambayo nayo haijawahi kushindwa. Akainamisha kichwa.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Siku zote aliniita shemeji, au mama panya akiwa na furaha, kwa kuwa Wangoni wanasingiziwa kula panya kama Wahehe wanavyosingiziwa mbwa. Mwalimu hakuwahi kuniita. Niliondoka pale nimeridhika, hata nikanunua dagaa njiani.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Alisimama nje akapiga hodi. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipiga hodi, nilidhani ni mgeni. Alivaa shati lililopigwa pasi, akavua viatu mlangoni, akakataa kukaa chini, akaketi kwenye kiti ambacho wazee wa kanisa hukalia wakija.

"Pole sana, ndugu yangu," akamwambia mume wangu. "Tunakuombea. Mungu yupo."

Mume wangu alikuwa ameshainua kichwa, mdomo uko tayari, nadhani alikuwa ameandaa jambo kuhusu mbwa. Alisubiri. Mtani akazungumza juu ya mvua. Akanywa chai, akashukuru, hakufunua sufuria. Kabla ya kuondoka akaomba tusali, akasali vizuri, kwa ufupi, akampa mkono wa kwaheri kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa kimya kama darasa la mitihani, na mimi, Mungu anisamehe, nilijipongeza.

Alipokwisha kutoka, mume wangu akauliza, "Wamepiga lini?"

"Nani?"

"Mikumi."

"Hawajapiga."

"Ukamwambia Mhehe kabla yangu."

"Sijamwambia mtu chochote. Hawajapiga."

Aligeukia ukutani. Nilimpelekea uji, mgonjwa haulizwi uji, akaupokea akaushika mpaka ukapoa akanirudishia kikombe kikiwa kimejaa. Kesho yake vilevile. Siku ya pili aliniita nikae kitandani, akaanza kunipa maagizo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwenda safari. Bati la jikoni linavuja upande wa mwembe, nilitazame kabla ya masika. Watoto wetu wa Dodoma wasisumbuliwe mapema. Koti lake la reli apewe Mhehe.

"Ni haki yake," akasema. "Atalihitaji siku hiyo. Usije ukamzuia."

Lile koti lilikuwa la bluu, zito, walilogawiwa zamani kazini, na lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Siku ya tatu hakutaka hata kuoga. Nikaona heri niseme kweli. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kwamba ni mimi, kwamba nilimfuata mtani bustanini nikamkataza utani kwa sababu sikuweza kuvumilia kulisikia lile neno. Nilimpa simu akague mwenyewe, hakuna namba ya Mikumi. Alinitazama kwa huruma, akanipapasa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "hujui kudanganya. Hata mimba ya kwanza ulishindwa kunificha. Mhehe hawezi kuninyamazia kwa kukatazwa na wewe. Angenyamaza kwa jambo moja tu."

Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba, kati ya mashuka. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Mikumi. Mikumi walikuwa wamesema wanatafuta. Hapa nyumbani mimi nilikuwa nimeshampa majibu, na alikuwa anayatii. Nilijua anaweza kufa kwa hilo kabla hata simu haijalia. Nimeona watu wakifa hivyo kwetu Vidunda, wamegeukia ukuta.

Nilirudi bustanini. Safari hii nilisalimia.

Mtani hakusitisha palizi. Nilimweleza yote, ameacha kula, ameagiza koti, haniamini. Akasimika jembe.

"Umenifunga mdomo, kwa hiyo kuna faini," akasema. "Jogoo mmoja, siyo yule mwembamba. Pili, upige magoti hapa kwenye tope, useme mbele ya nyanya zangu kwamba Wahehe ndio waliowashinda Wangoni kwenye ile vita ya mababu zetu."

Mimi Mvidunda sina hisa kwenye ile vita. Nilipiga magoti nikasema. Nyanya zilisikia, na wanawake wawili waliokuwa wakiteka maji nao wakasikia, na mpaka leo wananikumbusha. Nilidhani atacheka. Aliniinua kwa mkono, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

"Shemeji, unadhani ilikuwa rahisi kwangu? Nilipotoka kwako Jumapili nilikwenda kukaa kwenye tuta la reli nikalia kama mtoto. Nikimtania simwoni kama anaumwa. Namwona yuleyule. Uliponiweka kwenye kile kiti ndipo nikamwona."

Nikamwomba radhi, na safari hii haikuwa faini.

"Lete na koti," akasema. "Kama ameshaligawa, nije kuchukua urithi wangu mapema."

Kulitoa lile koti kwenye msumari ilikuwa kazi ngumu. Mume wangu alikuwa amesinzia. Nililishika, lilikuwa bado linanuka grisi na jasho la zamani, jasho la kazi, siyo hili la mashuka. Mfukoni mlikuwa na chaki ya kuwekea alama kwenye taruma bovu. Nililikunja nikaliweka kwenye mfuko wa madaftari nikatoka nalo nikinyata, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kesho yake saa kumi jioni tukasikia kilio barabarani. "Uwiii! Ndugu yangu! Ameniachia nani mimi!" Majirani walitoka mbio. Mama mmoja alikuja ameshajifunga kanga kiunoni, machozi yanamtoka kweli, maana alijua saa yetu imefika. Nikamwona mtani anaingia uwanjani ndani ya koti la bluu, mikono nyuma, anatembea. Akaja kwa ile hatua, fupi, sawasawa, kichwa ameinamisha kidogo kushoto. Akasimama, akainama, akatega sikio chini kusikiliza reli. Akatikisa kichwa. Akatoa chaki mfukoni akasogea mpaka mlangoni, ambako mume wangu alikuwa ameshafika peke yake, ameshikilia mwimo, amevaa msuli. Akamchora alama kifuani.

"Taruma hili limeoza!" akapiga kelele. "Ling'oeni! Lina mchwa na kansa! Leteni jingine kutoka Songea, kama panya hawajalila!"

Uwanja mzima ulilipuka. Mume wangu alicheka akiwa ameegemea mlango, bila sauti, mabega yanamtikisika, machozi yanamshuka mpaka kwenye ile alama ya chaki.

"Mhehe wewe," akasema alipopata pumzi, "hata kuniiga hujui. Kichwa hakilali kushoto hivyo. Rudia."

Akamrudisha mpaka kwenye miti ya ua, akamsahihisha, akamrudisha tena. Mara ya tatu akasema sasa imekuwa. Kisha akaniuliza kama kuna uji.

Niliubandika uji motoni nikakimbilia nyuma ya nyumba nikajifunika uso kwa shuka lililoanikwa. Watu walidhani nalia kwa furaha, na furaha ilikuwepo. Lakini ile mara ya tatu, baada ya kusahihishwa, mtani alipoingia uwanjani jua likiwa nyuma yake, nilimwona mume wangu. Alikuwa na mabega yake. Alikuwa anarudi kazini kama zamani, kabla ya shuka la kwanza, na moyo wangu ulimkimbilia wakati mwenyewe yuko mlangoni na msuli wake, anasubiri uji.

Mikumi walipiga simu wiki iliyofuata, nikiwa nafundisha kutoa kwa kuazima. Tulikwenda watatu, mtani akiwa ndani ya koti. Daktari alisema kwenye kile kinyama hawakuona saratani. Mtani akasema, "Nilimwambia haina cha kula." Daktari akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Uvimbe wa tumboni ulikuwa umeongezeka. Kile kinyama kilikuwa kidogo na cha pembeni, na kutoonekana kwenye kinyama kimoja hakumaanishi hakuna. Wakamkata kingine, safari hii ndani zaidi, na kingine hicho kikapelekwa Dar es Salaam. Nilimuuliza basi ana nini. Akasema, "Mama, bado hatujui." Nilimheshimu kwa hilo.

Tunasubiri tena. Mashuka siku hizi naanika mbele. Mume wangu anakula kidogo, anacheka, na anakonda. Akitoka nje ni mpaka kwenye mkeka barazani, na kurudi ndani hushika ukuta.

Koti halijarudi. Kitu alichochukua mtani hakidaiwi, na yeye amelizoea, analivaa hata kwenye joto. Njia ya bustanini inapita kando ya nyumba yetu. Kila jioni anapita na ule mwendo, mwanzoni ili mume wangu amwone na kumkosoa, siku hizi nadhani hata akiwa peke yake ndivyo anavyotembea. Wakati ule niliokuwa nikisikia hatua uwanjani na kuchungulia bila kuona mtu umekwisha. Sasa nazisikia, nachungulia, na koti lipo. Niseme wazi. Nilianza kulisubiri. Saa kumi ikikaribia nilikuwa natafuta kazi ya kufanya upande ule wa dirisha. Sikuwa namtazama mtani.

Wiki iliyopita mvua ilikatika ghafla jioni. Nilikuwa nimechemsha chai, nimekaanga na mihogo, na nikiwa natoka jikoni nikaliona koti la bluu linapita kati ya mahindi, limenipa mgongo, hatua fupi, sawasawa. Sikufikiri. Niliita kwa ile sauti niliyomwitia mume wangu tangu tuoane.

"Mzee! Njoo, chai inapoa!"

Koti likasimama. Mtani akageuka. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akiwa hajakatazwa na mtu, hakupata la kusema. Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, mikono yake ina matope.

Nyuma yangu, kutoka kwenye mkeka wa barazani, hatua tatu tu kutoka niliposimama na birika, mume wangu alikuwa amesikia.

"Mwalimu," akasema. "Mimi niko huku."